Kigingi Namba 212

Makaburi mia mbili na kumi na nne, na sikupoteza hata moja.

Maneno hayo nimemwambia fundi viatu, nimemwambia muuza vocha, nimemwambia dada wa dirishani benki ambaye hakuwa ameniuliza kitu. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walikuwa bado wanazunguka na bahasha za kaki wakitafuta kazi, na mimi nilikuwa nahamisha mtaa mzima wa marehemu, kutoka bondeni hadi kilimani, bila kumwacha mtu nyuma. Kwa lugha mbili. Nikiwa na kofia ngumu yenye jina langu.

Sasa subirini kidogo kabla hamjanipigia makofi.

Jina lenyewe kwenye kofia lilikuwa REDIO. Nilipewa darasa la tatu na mwalimu aliyechoka kunitafutia kitufe cha kunizimia. Nilipoomba kazi kambini, mlinzi wa getini aliniuliza naitwa nani, nikamtania nikamwambia Redio, akaandika Redio, na jeshi likishaandika jambo, limeandika.

Kambi ilianza na mahema manne na bendera. Wageni walisema wamekuja kwa muda. Mwaka wa pili mahema yakawa mabati, mabati yakawa zege, na uzio ukazaa uzio mwingine nje yake. Wakajenga bwalo, karakana, matangi ya mafuta yaliyofukiwa nusu kama viazi. Kisha ikaonekana kwamba ndege wanazotaka kuzileta ni nene kuliko njia ya kurukia iliyopo, kwa hiyo njia lazima irefuke. Upande mmoja wa njia kuna mlima. Upande wa pili kuna makaburi, uzio umeshayazunguka. Kati ya mlima na marehemu, marehemu ndio hawabishi.

Walio hai walibisha kwa niaba yao. Mikutano mitatu, viti vikavunjika viwili, na mwisho watu wakakubali kwa sharti moja: kila aliyelala pale ahamishwe peke yake, kwa mikono, ndani ya sanduku lake, na jamaa zake wakiwepo. Meja aliyesimamia ujenzi akasimama, akaweka mkono kifuani, akaahidi. Mimi ndiye niliyetafsiri ahadi hiyo. Niliitafsiri vizuri mno, kuna mama alilia.

Meja tulimwita Kalamu. Alikuwa mrefu, shingo nyekundu, na aliandika kila kitu; ukipiga chafya mbele yake, anaangalia saa kisha anaandika. Hakujua hata neno moja la kwetu zaidi ya asante, nayo aliitumia pia kuombea radhi. Wachimbaji wetu hawakujua hata neno moja la kwao. Katikati nilikaa mimi. Chochote ambacho upande mmoja ulikijua kuhusu upande wa pili kilikuwa kimepita mdomoni mwangu kwanza. Wakati ule nililiona jambo hilo kuwa cheo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila kaburi lichomekewe kigingi cha mbao chenye namba nyekundu. Lipigwe picha, kando yake kikiwa kibao kidogo cha chaki chenye namba ileile. Liandikwe kwenye orodha, na jamaa apewe karatasi yenye namba. Baadaye wachimbaji wafuate vigingi, wachimbue, waweke kwenye sanduku lenye namba, sanduku lipande kilimani. Kaburi lenye kigingi ni kaburi. Lisilo na kigingi ni ardhi tu, na ardhi ni ya greda.

Kazi ya vigingi, kibao, kamera na orodha ilikuwa yangu.

Shangazi alikuja kujiandikisha siku ya pili. Ofisi yangu ilikuwa kontena lenye feni iliyopuliza joto kutoka kona hii kwenda kona ile. Alipanga foleni kama watu wengine, ingawa usiku tulikuwa tumelala nyumba moja na asubuhi alikuwa amenipigia pasi shati nililovaa. Shangazi ni mpiga pasi. Ana pasi mbili za mkaa na moja ya umeme asiyoiamini, na mashati ya maofisa wa kambi yalikuwa yanapita kwake, kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini jeshi lile lilipendeza, sababu ni yeye.

"Jina la marehemu," nikamwambia kwa sauti ya ofisi.

"Hakufikisha jina," akasema. "Siku nane. Andika Mtoto wa Mpiga Pasi."

Niliandika. Nilimjua. Mama yangu alifariki siku niliyozaliwa, na wiki hiyohiyo Shangazi alimzika mwanawe. Akabaki na maziwa bila mtoto, na mimi nikawa mtoto bila maziwa, watu wakatuunganisha. Nimekuwa nikilitania jambo hilo maisha yangu yote, kwamba mimi ni mpangaji niliyekuta chumba kimeshalipiwa. Shangazi hucheka kila mara. Sijawahi kumwangalia vizuri anapocheka.

"Yuko wapi hasa?" nikauliza.

"Ile pembe ya mwisho, nyuma ya miiba, ng'ambo ya mfereji. Utakuta matuta matatu. Wa kwanza ni dereva wa lori aliyefia njiani, hakuna aliyepajua kwao. Wa mwisho ni bibi aliyemleta mgonjwa hospitali akafa yeye kwenye benchi, naye hakufuatwa na mtu. Wangu yuko katikati. Nilimweka hapo makusudi, asikae peke yake. Nikienda kupalilia wangu huwa nawapalilia na wao."

"Majirani wema."

"Miaka ishirini na mbili hawajanipigia kelele," akasema, na watu wa foleni wakacheka. Kisha akaegemea meza. "Siku utakayoweka kigingi uniite. Nataka niwepo, nikuoneshe mwenyewe. Tuta lake limeshazama, mtu asiyelijua atalikosa."

"Shangazi, wako nitambeba kama yai."

"Sijakuuliza utambebaje. Nimesema uniite."

"Nitakuita."

Nikampa karatasi namba 212. Aliikunja mara mbili, akaipitisha ukucha kwenye mkunjo, akaiweka kwenye kitambaa kifuani.

Kazi ilikwenda wiki mbili. Sitaki mnione mvivu: yale mia mbili na kumi na moja niliyafanya kwa mikono yangu hii. Nilipanda, niliteremka, nilichomwa na majani yanayowasha, nilisimama na jamaa waliogombana ni nani kati ya babu wawili aliye chini ya jiwe lipi, nikawaamua, wakaondoka wakiwa wameshikana mikono. Nilikuwa hodari.

Alhamisi ikabaki ile pembe. Na Alhamisi hiyohiyo, saa nane mchana, Jenerali wa wageni alikuwa anafika kuweka jiwe la msingi la njia mpya. Kulikuwa na jukwaa, kulikuwa na mwamvuli mkubwa, kulikuwa na vipaza sauti viwili, kimoja cha Jenerali na cha pili, ndugu zangu, changu. Runinga ingekuwepo. Shati lilikuwa kwenye lori, limetundikwa kwenye hanga, pasi ya Shangazi imelinyoosha mpaka ungeweza kujikata nalo.

Saa sita nikasimama mbele ya ile miiba. Ilikuwa inanifika kifuani. Nyuma yake mfereji, na maji ya mfereji yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. Dereva wetu alikuwa amelala kwenye kiti chake ndani ya lori, miguu dirishani. Niliwaza: nikipita hapa natoka nimechanika, nimelowa, nanuka. Niliwaza pia: nikimwita Shangazi, mpaka aje, mpaka asimame, mpaka amalize kuongea na mwanawe, itakuwa saa kumi. Kesho ipo. Kesho nitakuja naye, taratibu, tutafanya kwa heshima. Ile kesho niliiona waziwazi, mimi na yeye tukivuka mfereji, nimemshika mkono. Ilikuwa kesho nzuri sana.

Tatizo ni kwamba Meja alitaka orodha iliyokamilika mezani kabla ya Jenerali.

Kaburi la mwisho upande wa huku lilikuwa la fundi cherehani, namba 211, lenye saruji na nyasi ndefu pembeni. Nikaandika 212 kwenye kibao, nikakiegemeza upande wa kichwa, nikapiga picha. Nikafuta kwa kiwiko, nikaandika 213, nikazunguka upande wa miguu, nikapiga. Nikafuta, nikaandika 214, nikapiga ubavuni, nyasi zimejaa. Dakika nne. Vigingi vitatu nikavitia kwenye mfuko wa suruali, virefu vile, vikanichoma paja njia nzima.

Niliporudi kwenye lori nilikuta chupa ya chai juu ya boneti. Ile nyekundu, yenye mfuniko uliopasuka, ya nyumbani kwetu. Bado ilikuwa ya moto.

"Nani kaleta?" nikamwuliza dereva.

Akafungua jicho moja. "Kaleta nini?"

Nikajua Shangazi amemtuma jirani. Nikanywa vikombe viwili, nikabadili shati, nikaenda kuwa maarufu.

Na kweli nilikuwa maarufu. Jenerali alisema sentensi fupi, mimi nikazirefusha kidogo zikapendeza, watu wakapiga makofi mahali ambapo yeye hakutegemea. Meja Kalamu aliangalia picha zangu haraka kabla ya sherehe. Akasimama kwenye zile tatu.

"Haya yanafanana," akasema.

"Fundi saruji alikuwa mmoja," nikajibu.

Akaandika.

Jioni nilipofika nyumbani Shangazi alikuwa anapiga pasi, mgongo kwangu.

"Chai ilikuwa na sukari ya kutosha?"

"Ilitosha, asante."

"Na kazi?"

"Imeisha yote," nikasema. Nilikuwa nimekusudia kuongeza kwamba kesho ningemwita. Lakini redioni walianza kusoma habari, wakataja kambi, sauti yangu ikasikika nyuma ya ile ya Jenerali, nikamwambia nyamaza kidogo Shangazi, sikiliza, ni mimi. Alipitisha pasi juu ya kola ileile mara nyingi sana.

Kesho yake nilipandishwa cheo. Meja alinitaka ofisini kutwa, kutafsiri mikataba ya kokoto. Keshokutwa Jumamosi, kazi nusu siku, nikalala. Jumapili nilipotoka nyuma ya nyumba kuoga, nikakuta Shangazi amelima kijishamba chini ya kamba ya kuanikia nguo, hatua mbili kwa moja, amekizungushia mawe.

"Usikanyage pale," akasema. "Nimepanda vitunguu."

"Wewe na vitunguu wapi na wapi?"

"Mtu hujifunza."

Wiki nzima nilikitania kile kitalu. Nilikisalimia asubuhi. Nilimwuliza kama vitunguu vyake ni vya jeshi, mbona vimejificha hivyo. Wiki ya pili hakikuota kitu, nikamwambia ameuziwa mbegu za mawe. Aliniangalia tu, akaendelea kuvinyunyizia maji.

Ile kesho yangu sikuitupa, naomba mnielewe. Nilikuwa naisogeza. Kila siku niliisogeza siku moja, na kila siku ilikuwa bado mbele yangu, karibu, safi. Vile vigingi vitatu vilikuwa chini ya godoro langu. Usingizi wangu ulianza kuwa na mbavu.

Wachimbaji walikuwa wanakuja nyuma ya kazi yangu, safu kwa safu. Kiongozi wao tulimwita Sepetu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mkavu, asiyemaliza sentensi kama neno moja linatosha. Wiki ya tatu akafika kwenye kaburi la fundi cherehani, akasimama, akaniita.

"Karani. Vigingi vimeishia hapa. Orodha inasema bado vitatu."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu, jua la saa nne, hakuna mkubwa. Ningesema, Kaka Sepetu, nimefanya upuuzi, njoo tuvuke. Angenitukana, tungevuka. Lakini mdomo wangu una tabia ya kutangulia.

"Hivyo walivichimbua na kuvitoa wageni wenyewe," nikasema. "Kwa mashine yao ndogo. Kule kuna mfereji, walisema ni kazi ya kitaalamu."

Sepetu alifuta sepetu lake kwa kiganja, pande zote mbili.

"Vyote vitatu?"

"Vyote vitatu."

"Walivitoa wageni."

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akaondoka na watu wake.

Mchana huohuo Meja akaniuliza kama wachimbaji wamemaliza. Nikamwambia wamemaliza. Kwa hiyo Meja alijua Sepetu ndiye aliyetoa, na Sepetu aliambiwa Meja ndiye aliyetoa, na hakuna mlango mwingine kati yao ila mimi. Nilifunga huku na kule, nikabaki katikati kwenye joto.

Greda lilikuja Jumatano, siku mbili kabla ya tarehe iliyoandikwa. Nililisikia nikiwa kwenye kontena. Sauti yake ilikuwa inatoka upande usiotakiwa. Nilitoka mbio, kofia ikaanguka, sikusimama kuiokota. Nilipofika, miiba haikuwepo, mfereji ulikuwa umefukiwa, na pembe nzima ilikuwa imelala sawasawa kama shati lililotoka mezani kwa Shangazi. Dereva wa greda akanipungia mkono. Nikampungia.

Nilikaa pale mpaka alipozima mashine kwenda kula. Nilijaribu kukumbuka alivyosema: dereva, mtoto, bibi. Kutoka wapi kwenda wapi? Nilipiga hatua huku, nikapiga hatua kule. Mtoto niliyenyonya maziwa yake nilikuwa nimesimama labda juu ya kichwa chake, labda siyo.

Masanduku matatu yalikuwa bado ghalani, 212, 213, 214, na funguo za ghala nilikuwa nazo mimi. Alhamisi asubuhi na mapema niliyajaza udongo. Ule wa bondeni sikuthubutu kuugusa. Nilichota kwenye bustani ya maua mbele ya ofisi ya Meja, udongo mweusi, laini, ulioletwa na lori. Nikapigilia misumari. Nilipoliinua lile la katikati nililiona zito mno kwa mtoto wa siku nane, nikang'oa misumari, nikapunguza. Kumbukumbu hiyo, ya kupunguza, ndiyo inayonirudia mara nyingi. Nilikuwa nimeinama juu ya sanduku nikikisia uzito wa mtoto, na nilikuwa nakisia kwa makini, kama mtu anayefanya kazi yake vizuri.

213 na 214 tulizika Ijumaa asubuhi kwenye safu ya wasio na jamaa. Hakuna aliyelia, kwa sababu hakuna aliyekuwepo. 212 ilipangiwa saa tisa.

Shangazi alitoka nyumbani amevaa gauni lake la kahawia. Kwenye lori alikataa sanduku liwekwe nyuma. Alilipakata. Barabara ya kilimani ina mashimo, na kila tuliporuka alilishika kwa mikono miwili. Mimi nilikaa kando yake nikihesabu misumari ya sanduku.

"Leo Redio haina betri," akasema dereva.

"Mwache," Shangazi akasema. "Anatafuta kituo."

Kilimani Sepetu alikuwa ameshachimba shimo, dogo, kingo zimenyooka. Alisimama ndani yake mpaka magotini. Meja Kalamu naye alikuwepo, kofia mkononi, daftari kwapani. Alisema hili ni sanduku la mwisho kati ya mia mbili na kumi na nne na alitaka kulishuhudia, kwa heshima, kisha afunge orodha. Jumatatu, akasema, kokoto zinaanza kumwagwa na kushindiliwa. Nikatafsiri.

Sepetu akanyoosha mikono kupokea sanduku. Shangazi hakulitoa.

"Mwulize kwanza," akaniambia, "kama anaruhusu mfiwa aseme neno."

Nikamwuliza. Meja akainamisha kichwa, akasema asante, yaani karibu.

Shangazi akalisogeza sanduku begani, kama mtu anayemcheulisha mtoto.

"Siku ile ya Jenerali," akasema, taratibu, ananiangalia mimi na siyo Meja, "nilisubiri kuitwa. Nilipoona saa sita inafika nikasema labda mtu amezidiwa na kazi, nikachemsha chai, nikaja mwenyewe. Nilikukuta umeinama kwenye kaburi la fundi cherehani. Uliandika, ukafuta, ukaandika. Ulizunguka mara tatu. Nilikuwa nyuma ya lori, hapo karibu, ungegeuka ungeniona. Nikaweka chupa, nikarudi nyumbani."

Upepo wa kilimani ulikuwa unapindua kurasa za daftari la Meja. Alikuwa ameshafungua ukurasa, kalamu iko tayari. "Anasema nini?" akauliza.

Nikamwinulia kiganja, asubiri.

"Nikasema atanieleza," Shangazi akaendelea. "Jioni nikakuuliza, ukaniambia nyamaza usikilize redio. Jumamosi nikaenda kwa huyu." Akamwonesha Sepetu kwa kidevu. "Akavuka nami mfereji. Mwanangu nikamtia kwenye beseni, juu yake nikatandika mashati ya maofisa, nikapita getini kwao. Mlinzi akaniambia pole na kazi."

"Vitunguu," nikasema. Sijui kwa nini hilo ndilo neno lililotoka.

"Vitunguu. Unavisalimia kila siku, sikukukataza. Niliona ni vizuri mkisalimiana."

Sepetu alikuwa anaangalia miguu yake ndani ya shimo. "Nilitaka kusema ile siku uliyonijibu vyote vitatu," akasema. "Shangazi yako akaniomba nikuachie. Akasema una mdomo, siku moja utautumia."

"Wale wawili je?" nikauliza. Sauti ilikuwa ndogo, hata mimi niliitafuta.

"Wale wawili bila kigingi ningewatoaje?" Sepetu akasema. "Mtoto alienea kwenye beseni. Mtu mzima naye nimpitishe getini na nini? Wako palepale. Nilichimba la mtoto nikaona jinsi walivyochimba zamani, ni kina kirefu. Greda limekwangua juu tu. Lakini Jumatatu wakishindilia, basi."

Shangazi akalishusha sanduku, akaliweka chini, nje ya shimo, kwa upole uleule aliokuja nao, ingawa alijua tangu mwanzo. Alilipakata njia nzima akijua. Mkono wake ulikuwa na udongo mweusi uliopenya kwenye ufa wa ubao. Akausugua kati ya vidole.

"Huu ni wa kwenye maua ya huyu bwana," akasema. "Napita pale kila Jumanne na mashati." Kisha akaniambia, sasa bila kuinua sauti hata kidogo: "Nimekufichia wiki tatu, kwa sababu wewe ndiye niliyebaki naye. Nilikuwa na nguvu za kumwokoa mmoja, nikamwokoa wangu. Dereva na bibi wamekaa na mwanangu miaka ishirini na mbili. Siwezi kuwaacha chini ya ndege ili wewe uendelee kuvaa kofia. Mwambie."

"Shangazi, nikimwambia..."

"Najua ukimwambia nini kitatokea. Mimi ndiye nitakayekulisha, kama mwanzo. Mwambie. Neno kwa neno, usilipambe."

Meja alitutazama kwa zamu, mimi, yeye, Sepetu shimoni, sanduku lililoachwa kwenye nyasi. Hakuwa mjinga. Alikuwa tu mtu asiyejua lugha, na aliyekuwa ameniamini. "Redio," akasema polepole, "mama anasema nini?"

Nilikuwa na majibu matano tayari. Namwapia yeyote anayesoma, yalikuja yenyewe, yamepangana: anashukuru, anaomba dakika, ana uchungu, anasema sanduku ni zuri, anasema asante. Kila moja lingepita. Shangazi asingelielewa hata moja.

Lakini alikuwa ananitazama mdomo. Alikuwa ameutazama mdomo huo tangu ukiwa na siku tatu, ukitafuta, na aliujua ukiwa unasema kweli na aliujua ukiwa haujasema.

Nikavua kofia. Nikaanza na hesabu, kwa sababu hiyo ndiyo aliyokuwa ameshaiandika.

"Mia mbili na kumi na moja," nikamwambia Meja, kwa lugha yake.

Akaangalia daftari, akaniangalia mimi, na kalamu ikasimama.